Salamu za Watu Ishirini na Wawili

Mwanzoni walikuwa wanne, na waliishi hewani raha mustarehe.

Kadii, ambaye wengi walimwita Mama Kahonzi, ndiye aliyekaa kwenye mashine ya Marereni, katika kiofisi cha mabati cha kampuni ya chumvi. Mashine yenyewe ilikuwa simu ya upepo, sanduku la chuma lenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Ukibonyeza kitufe unasema, ukimaliza unatia "ova", ukiachia unasikia. Watu wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika, ni mkwaruzo tu wa kutoboa masikio. Mwaka wa themanini na moja, simu ya waya haijafika huko bado, sanduku hilo lilikuwa ndilo mdomo na sikio la kampuni. Wenziwe walikuwa watatu: Mwambire wa ghala la barafu la wavuvi kule Ngomeni, Kiponda wa hospitali ya misheni mjini Malindi, na Dzombo wa bohari ya korosho Kilifi.

Kila siku saa moja asubuhi walifungua pamoja. Walisalimiana kwanza, kwa sababu huwezi kumrukia mtu na shida zako kabla hujamuuliza ameamkaje, watoto wameamkaje, na yule mgonjwa wa juzi yu hali gani. Dakika tano, sita, salamu zimekwisha. Ndipo walipoingia kazini: barafu ipo, lori limetoka, mgonjwa aletwe. Saa moja na robo kila mtu ameshapata lake. Kadii alimjua Mwambire hata kwa kukohoa.

Kisha watu wakasikia habari zao. Zahanati ikaomba kuingia, shule ikaomba, mashamba ya mkonge yakaomba, na hoteli za Bofa, ufuoni Kilifi, nazo hazikutaka kuachwa nyuma. Na tusimsingizie mtu hapa, aliyewakaribisha alikuwa Kadii mwenyewe. Karibuni, karibuni, tukiwa wengi ndiyo vizuri! Alifurahi kweli. Kabla ya hapo, kumpata mtu wa Matsangoni kulitaka siku nzima na nauli, na sasa ni kubonyeza tu.

Ilipofika themanini na tatu walikuwa ishirini na wawili, na hapo ndipo balaa ilipoanza.

Salamu, jamani! Watu wa Pwani hawaruki mtu. Ukimsalimu mtu wa Gede ukamwacha wa Tezo, huyo wa Tezo atakununia mwezi mzima. Mwambire aliwahi kumruka karani wa shule moja kwa kupitiwa tu, akatumiwa ujumbe kwamba aseme shule ile imemkosea nini. Basi kila mtu akamsalimu kila mtu. Siku moja Kadii alichukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya karatasi: walipokuwa wanne, salamu zilikuwa kumi na mbili. Sasa wako ishirini na wawili, na salamu ni mia nne na sitini na mbili. Alirudia hesabu akidhani amekosea. Hakukosea. Saa tatu watu walikuwa bado wanaulizana hali, barafu inayeyuka Ngomeni na lori la chumvi limesimama na dereva wake amelala usingizi.

Na katika hao wote, aliyemchosha Kadii kupita kiasi alikuwa Thuku.

Thuku alitoka bara, alikuwa mtunza stoo wa hoteli moja ya Bofa. Alipofika Pwani aliambiwa kwamba huku watu wanataka heshima, na usipomsalimu mtu umemtukana. Neno hilo alilishika kwa mikono miwili. "Shikamoo Marereni! Shikamoo Mama Kahonzi! Watoto wako namna gani? Na mzee? Na ile kuku yako ilikuwa gonjwa?" Akimaliza Marereni anahamia Ngomeni, kisha Gede, mtu mmoja mmoja, na anangoja jibu kweli. Shikamoo alimpa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Alimpa hata Easter, msichana wa miaka kumi na tisa wa shamba la kuku Tezo, aliyeweza kuwa bintiye. Mwambire alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Huyu wa bara atampa shikamoo hata mbuzi!"

Huyo Easter ndiye aliyekuwa wa mwisho kujiunga, wa ishirini na mbili. Mashine yake ilikula betri ya trekta, na trekta likitakiwa shambani betri inang'olewa. Kwa hiyo alikuwa akiitikia salamu yake, anaaga kwa sauti ndogo, kisha anazima. Kadii hakumbuki kama aliwahi kumuuliza neno lolote zaidi ya hali.

Sasa mashine zao zilikuwa na chaneli mbili, na ile ya pili ilikaa bure. Siku moja Kadii akawatumia ujumbe wale watatu wa zamani kupitia dereva wa lori: kuanzia kesho tuingie chaneli ya pili, sisi wanne tu, na msimwambie mtu. Lakini huwezi kupotea hewani bila sababu, watu watauliza. Kila mmoja akatunga lake. Kadii alisema mashine ya Marereni imeharibika na imepelekwa kwa fundi Mombasa. Alisema uongo huo kupitia mashine ileile, kwa sauti ya huzuni, akatakiwa pole na watu kumi na wanane.

Wiki tatu walikaa huko kwenye chaneli ya pili, na wallahi ilikuwa starehe. Dakika kumi na tano, kazi imekwisha. Kadii akarudi kunywa chai yake ikiwa moto.

Jumanne moja, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, mumewe Kadii, Kitsao, alikuwa akifungia tela la chumvi kwenye trekta. Tela likateleza kwenye matope, likambana paja. Kadii alisikia kelele akatoka mbio bila viatu. Alimkuta mumewe amelala chini juu ya chumvi nyeupe, na chumvi yenyewe imekuwa nyekundu. Kitsao alimtazama akasema, "Usiogope, ni mguu tu," kisha akafumba macho.

Walimfunga paja kwa leso ya Kadii, wakampakia kwenye gari dogo la kampuni pamoja na ndugu zake wawili. Kadii naye alitaka kupanda. Msimamizi akamshika mkono. "Mama, nani atawaambia hospitali wajitayarishe? Hapa hakuna mwingine anayeijua ile mashine." Kadii alibaki amesimama barabarani mpaka vumbi likatua, kisha akarudi ofisini.

Kwenye chaneli ya pili Kiponda alimjibu mara moja. Daktari akaitwa, kitanda kikawekwa tayari. Saa moja na robo gari likafika Malindi. Saa moja na nusu Kiponda akarudi hewani, na Kadii akajua kwa pumzi zake tu kwamba habari si nzuri.

"Dada, nisikilize vizuri. Daktari ameuzuia mshipa, lakini damu nyingi imekwenda. Inatakiwa chupa moja kabla ya kumpasua. Damu yake ni O hasi. Aliwahi kutiwa damu zamani, kwa hivyo daktari hataki kubahatisha nyingine. Tumewapima ndugu zake wote wawili, haikubali. Hapa kwetu hakuna mwenye hiyo. Daktari anasema ikipita saa tatu u nusu, yeye hana la kuahidi. Ova."

Kadii akabonyeza kitufe. "Mwambire? Dzombo? Mmesikia?"

"Nimesikia, dada," alisema Mwambire. "Nimewauliza watu wangu wanane hapa. Hakuna anayeijua damu yake. Ova."

"Mimi ni A," akasema Dzombo. "Na bohari yote tuko mimi na mlinzi. Pole sana. Ova."

Nusu dakika tu, wote wameshajibu, safi kabisa, hakuna mkwaruzo wala aliyemkatiza mwenzake. Na jibu lilikuwa hakuna. Kadii alitazama lile sanduku akahisi amejifungia mwenyewe ndani ya chumba na ufunguo ameutupa nje.

"Kadii," akasema Kiponda polepole, "rudi kule kwa wengi. Mimi nakaa hapa chaneli ya pili, ukipata neno nijulishe. Nenda."

Aibu gani hiyo, we acha tu. Lakini Kadii aligeuza kinobu cha chaneli kabla Kiponda hajamaliza kusema.

Sauti aliyokutana nayo ilikuwa ya Thuku.

"...na Marereni. Shikamoo Mama Kahonzi. Najua husikii, mashine yako iko kwa fundi. Lakini salamu yako ni hii, tunakuwekea. Mzee na watoto wawe wazima. Sasa naenda Ngomeni. Shikamoo Mzee Mwambire, najua wewe pia husikii..."

Kadii akafunika mdomo. Wiki tatu! Wiki tatu mtu huyu anaisalimu mashine iliyozimwa, na yeye yuko upande wa pili anakunywa chai. Machozi yalimtoka hapohapo, lakini hakuwa na nafasi ya kulia. Thuku hakuwa ameachia kitufe, na akianza Ngomeni hamalizi leo. Kadii akabonyeza juu ya sauti yake akashikilia, mashine zote za pwani zikapiga kelele kama bati linaloburutwa. Alipoachia, kukawa kimya cha watu walioshtuka.

"Marereni hapa. Ni mimi, Kadii. Niko hewani."

Mungu wangu! Walimrukia wote kwa pamoja. Mama Kahonzi! Mashine imepona? Karibu tena! Habari za siku nyingi? Kilichosikika kilikuwa mkwaruzo mtupu na maneno mawili matatu yakielea juu yake.

"Nyamazeni!" Kadii alipiga ukelele mpaka msimamizi akachungulia dirishani. "Nyamazeni kwa jina la Mungu! Mume wangu anakufa!"

Wakanyamaza. Akawaambia habari yote, kwa maneno machache. "Nani ana damu ya O hasi? Nani anamjua mwenye nayo?"

Na hapa ndipo wema wa watu ulipotaka kumuulia mumewe, kwa maana hakuna aliyekubali kuonekana amekaa kimya mwenzake akiwa na msiba. Kila mtu akabonyeza. Mimi sijui yangu lakini nakuja! Mimi ni B, itafaa? Pole mama, tunakuombea! Mkwaruzo tena, dakika nzima. Kadii akapiga meza kwa kiganja.

"Sikilizeni! Asiye na O hasi, na asiyemjua mwenye nayo, asibonyeze. Hata kunipa pole asinipe. Hata amina asiitikie."

Kimya. Kimya kirefu, kirefu mno. Kadii alihesabu moyoni akafika ishirini. Watu wote hawa, mashine zote hizi kutoka Kilifi mpaka kwake, na hakuna hata mmoja? Akafika thelathini.

"Shika..." ilianza sauti ya Thuku, ikajikata. "Samahani mama. Bofa hapa. Yuko mtu mmoja. Ni Easter wa Tezo."

"Easter? Umejuaje?"

"Mwezi wa tatu hakuwa hewani siku mbili. Aliporudi nikamuuliza, afya namna gani? Akaniambia alienda kutoa damu kwa dada yake, huyo dada alikuwa amejifungua vibaya. Daktari akamwambia ile damu yake ni O hasi, haipatikani ovyo, kadi asipoteze. Ova."

"Una hakika, Thuku?"

"Mimi huuliza, mama. Na nikijibiwa huwa nasikia."

Kadii aliita Tezo mara tatu. Hakuna. Easter alikuwa ameshaitikia salamu zake na kuzima, na betri imerudi kwenye trekta.

"Usiite tena," akasema Thuku. "Gari ya hoteli inatoka sasa hivi kuchukua wageni uwanja wa ndege Malindi. Nitaingia mimi mwenyewe, nipitie Tezo, nimchukue. Naacha mashine. Kwaherini wo..." Akajizuia tena. Nafikiri ndiyo siku pekee maishani mwake Thuku aliondoka mahali bila kuaga watu wote.

Ilikuwa saa moja na dakika hamsini.

Kadii akamjulisha Kiponda kisha akarudi kwa wengi, akakaa. Msimamizi alimletea maji, hakuyanywa. Alifikiria namna Kitsao alivyosema usiogope, ni mguu tu, na kumbe mwenyewe ndiye aliyekuwa akielekea kufa. Alitaka kuomba akakosa maneno, akabaki anasema tafadhali, tafadhali, basi.

Saa mbili na dakika kumi na mbili mashine ikasema kwa sauti ya chini, "Tezo, shuleni hapa. Nimemwona Easter amepanda gari. Ova." Hakuongeza salamu wala pole.

Halafu, "Matsangoni, zahanati. Gari limepita. Linakwenda kasi. Ova."

Kadii alikamata ukingo wa meza. Hakuwa amewaomba. Walikuwa wametoka wenyewe kusimama barabarani, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akangoja zamu yake bila kumgusa mwenzake.

"Gede hapa. Limepita. Msichana amekaa mbele. Ova."

Watu waliotumia saa mbili kila siku kuulizana habari za kuku walikaa karibu saa nzima, na kwa saa hiyo hapakusemwa neno lisilokuwa na faida. Saa mbili na dakika hamsini na tano Kadii akageuza kinobu, na Kiponda alikuwa anamngoja huko. "Wamefika. Amelazwa kitanda cha pili, wanamtoa damu. Ni yenyewe, Kadii. Imekubali."

Saa nne na robo Kiponda akarudi. "Dada, ametoka kwenye upasuaji. Mzima. Atachechemea, lakini mguu ni wake na roho ni yake. Ameamka anauliza kama tela limeharibika."

Kadii akacheka. Alicheka kwa sauti, akajifuta macho kwa kiganja, akacheka tena, kisha akaweka kichwa mezani na kulia mpaka aliposhiba. Mwili wote ulimlegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni aliotoka nao mbali. Akaomba chai, na hiyo akainywa yote.

Jioni alikwenda Malindi akamkuta Kitsao amekaa kitako, anamlalamikia muuguzi kuhusu uji. Easter alikuwa ameshaondoka. Alikunywa soda moja, Kiponda alisema, akarudi na gari la hoteli kwa sababu kuku hawajalishwa.

Kesho yake saa moja kamili Kadii alifungua chaneli ya kwanza. Watu walikuwepo wote, hata Mwambire na Dzombo na Kiponda, wameingia kimyakimya kama watoto waliochelewa shule. Hakuna aliyeanza. Walikuwa wanamngoja yeye.

"Marereni hapa," akasema. "Kitsao mzima, amelala vizuri. Na kabla hatujasalimiana nina neno. Mashine yangu haikuharibika. Sikuipeleka Mombasa. Nilichoka na salamu zenu nikawakimbia. Niliwadanganya. Ova."

Kisha Thuku akasema, "Tulijua, mama."

"Mlijua?"

"Fundi wa simu za upepo Mombasa ni mmoja tu, na ni shemeji yangu Njoroge. Nilimpigia simu kutoka posta ya Kilifi, aifanye haraka. Akaniambia hajaiona hiyo mashine. Basi tukasema amechoka, apumzike, na ile ya fundi tukaendelea nayo tusimwaibishe. Akipumzika atarudi."

Kadii alikosa pa kuuweka uso wake, ingawa ofisini alikuwa peke yake. Mwambire ndiye aliyemwokoa. "Sasa jamani, salamu hizi tutazifanyaje? Barafu yangu inayeyuka." Wakajadiliana, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana jambo: zamu ziende kutoka Kilifi kupanda juu, kila mtu awasalimu wote kwa pamoja. Na mtu akisema neno "damu", hata kama mko katikati ya marahaba, wote mwachie vitufe. Thuku aliomba aruhusiwe kuuliza afya za watu watano tu kwa siku, kwa kupokezana. Wakamruhusu saba.

"Haya basi," akasema Kadii, "hiyo ni kuanzia kesho. Leo mtanivumilia." Akaanza Kilifi akawapitia wote, mmoja mmoja, kwa jina, na hali, na watoto, na kila jibu alilisikiliza mpaka mwisho. Lori la chumvi lilipiga honi nje mara mbili akalipungia mkono lisubiri.

Akabakiza mmoja.

"Tezo," akasema. "Easter."

"Naam, mama," sauti ndogo ikajibu. "Shi..."

"Ngoja, mwanangu. Leo usiseme wewe. Nasema mimi." Kadii alisimama wima, kipaza sauti mkononi, mwanamke wa miaka arobaini na sita mbele ya msichana wa kumi na tisa. "Shikamoo, Easter."

Hakuna aliyecheka. Hata Mwambire hakucheka. Watu wote walikuwa wanasikiliza, vidole mbali na vitufe, na Easter kule Tezo hakujua la kufanya, maana jibu la salamu hiyo mtoto hampi mkubwa. Akabonyeza, kuku wakasikika wakilia nyuma yake, akaachia.

"Itikia, mama," Thuku alimwambia Easter taratibu. "Yeye amekusalimu."

Kadii alingoja amesimama vilevile, mpaka mashine ikakwaruza kidogo na ile sauti ndogo ikasema, "Marahaba."